Kichujio

Mimi ni fundi wa malori, Kariobangi.
Miaka kumi na saba nimelala chali chini ya chuma.
Najua mabomba.
Najua sauti ya injini iliyobanwa pumzi:
hupanda mlima kwa manung'uniko,
hutetemeka, huchemka, huzima njiani.

Sikuijua sauti ya Syombua.

Alikuwa akifagia Outering,
toka Donholm hadi Mutindwa,
saa kumi na moja alfajiri, koti la kijani la kaunti,
leso mdomoni iliyokuwa nyeupe Jumatatu.
"Vumbi nalifagia leo," angesema,
"kesho liko palepale, kama deni la dukani."
Tukicheka.
Tuliloliona lilikuwa lile jingi, lile jinga,
linalotua mezani ukaliandika kwa kidole.
Hilo jingine, jembamba kuliko uongo,
halikutua popote.

Mguu ndio ulioanza.
Shavu la mguu wa kushoto likavimba, likawaka.
Tukapaka mafuta ya mkaratusi.
Jumatano akapanda ngazi za nyumba yetu, ghorofa ya nne,
akakaa kwenye kidato cha kumi na mbili:
"Nzioka, hewa imeenda wapi?"
kana kwamba mimi ndiye niliyeificha.

Daktari alikuwa binti mdogo, macho ya kukesha.
Akawasha picha. Mapafu mawili, miti miwili iliyopinduliwa.
"Hapa," kalamu ikagota kioo.
Donge la damu.
Limetoka mguuni, limepita moyoni bila salamu,
limekwama njia panda ya pafu.
Nikauliza: ni nini kinachogandisha damu
ya mtu anayetembea kutwa?
Akahesabu kwa vidole:
uzazi, vidonge vya kupanga, safari ndefu, nasaba.
Kidole cha mwisho akakiacha wima.
"Na hewa yenyewe. Chembe ndogo mno huvuka pafu,
damu ikashtuka, ikaanza kunata.
Kwa huyu siwezi kuapa. Anafanya kazi gani?"
Nikasema, hufagia barabara.
Yangu hakuniuliza.

Ningemwambia
kwamba lori jipya lina kichujio tumboni mwa ekzosi,
mzinga wenye vitundu kama sega la nyuki,
kazi yake kushika masizi.
Kikijaa, lori huchoka.
Mwenye lori hana siku mbili, hana bei ya kipya.
"Toa," husema, nami hutoa.
Nakata, nachomoa, nachomelea kopo tupu
ili kwa nje paonekane pazima.
Elfu nane.
Lori huondoka kama ndama aliyefunguliwa,
nyuma yake wingu,
kuelekea Outering.

Kwa elfu nane hizo tulilipa karo ya Mumo.
Kwa elfu nane hizo tulinunua kitanda
ambacho sasa hulala ameketi.

Kila jioni namdunga sindano tumboni,
pale ngozi imejaa madoa ya zambarau.
"Polepole, fundi, mimi si tairi."
Anacheka nusu. Nusu ya pili haifiki.
Usiku nahesabu pumzi zake, nazipoteza, naanza upya.
Bomba la lori likiziba nalifungua,
napuliza kwa kompresa, masizi hutoka fu!
upande wa pili, nafuta mikono.
Kwake nimetafuta nati ya kufungua.
Hakuna.

Leo asubuhi limekuja Isuzu la kokoto.
Dereva hakushuka, alitoa kiwiko tu.
"Fundi, nitolee kile kitu."
Nyuma yangu, ukutani, nimeyapanga masega ishirini na matatu,
meusi, mazito, kila moja na namba ya gari lake kwa chaki.
Sijui kwa nini sikuyauza kwa wanunua vyuma.
"Leo siwezi," nikasema.
Akanitazama, akatazama saa,
akawasha injini.

Hatua kumi mbele, mbele ya banda lake,
Otiato alikuwa tayari ameinua mkono.